Kuponya na Kuponza: Mkasi wa Jeni na Ahadi Yake

Kati ya neno kuponya na neno kuponza pana tofauti ya herufi moja tu. Mwanafunzi akiandika z mahali pa y, daktari aliyemwokoa mgonjwa hugeuka kuwa mtu aliyemtia hatarini, na sentensi nzima hupinduka ijapokuwa maneno yake mengine hayakuguswa. Sisi tufundishao Kiswahili tumeyazoea makosa ya namna hiyo, na kalamu nyekundu huyamaliza mara moja. Lakini liko kosa la herufi moja lililoandikwa mahali ambapo kalamu yetu haifiki, yaani ndani ya damu ya mamilioni ya watu, wengi wao Waafrika. Na katika miaka hii wataalamu wametangaza kwamba wamepata chombo cha kupambana nalo. Hilo ndilo tunalokusudia kulizungumza hapa. Sisi si waganga. Lakini habari za chombo hicho zimekwisha fika madarasani mwetu na majumbani mwa wanafunzi wetu, nazo zimefika kwa maneno. Na maneno ndiyo kazi yetu.

Ugonjwa wenyewe ni selimundu. Mitaani watu wengi huuita sikoseli, na Waganda huuita nalubiri. Jina la selimundu lina historia yake. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada, ambaye damu yake ilipotazamwa kwa hadubini ilionekana kuwa na chembe nyembamba zilizopinda mfano wa mundu. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, tena ni laini, hata huweza kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Ndani yake mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine. Mwaka 1957 Vernon Ingram akatambua tofauti hiyo ni ipi: katika mnyororo wenye viungo 146, kiungo cha sita kimebadilishwa kikawekwa kingine. Katika maandishi ya vinasaba, yaani maagizo ambayo kila mtu huyarithi kwa wazazi wake, hilo ni badiliko la herufi moja.

Matokeo ya badiliko hilo ni makubwa. Himoglobini ya namna hii, ikisha kuitua oksijeni yake, hushikamana na kufanya nyuzi ngumu. Chembe hupinda, huganda pamoja, na kuiziba mishipa. Mahali palipozibwa huuma kwa maumivu ambayo wagonjwa husema hayana mfano. Isitoshe, chembe zilizopinda hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi hufa baada ya siku 10 au 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu daima. Wengu huharibika mapema, na mtoto hukosa kinga dhidi ya vijidudu ambavyo watoto wenzake huvishinda. Wengine hupatwa na kiharusi wangali wadogo.

Mwalimu yeyote aliyefundisha upande wetu wa Busoga anawajua watoto hawa, hata kama hajaambiwa jina la ugonjwa wao. Ni wale ambao umbo lao ni dogo kuliko umri wao, ambao macho yao yana rangi ya manjano, na ambao hukosekana wiki nzima kila mvua za baridi zinapoanza. Wakirudi hukuta darasa limekwisha maliza ngeli mbili na kuingia katika ya tatu. Baadhi yao ni werevu kupita kiasi, kwa kuwa kitandani hawana mchezo mwingine ila kusoma. Na wako ambao hawarudi. Jina hubaki katika daftari la mahudhurio mpaka mwisho wa muhula, kisha hupigwa mstari.

Huenda msomaji akauliza: kosa liualo hivi limewezaje kudumu vizazi kwa vizazi, na kuenea kwetu kuliko Ulaya? Jibu lake lilitafutwa katika nchi zetu hizi hizi. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala mbili zilizobadilika huugua selimundu. Mwenye nakala moja tu huitwa mbebaji, naye aghalabu huishi maisha yake yote bila dalili. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha uchunguzi wao wa makabila ya Uganda, wakaonyesha kwamba miongoni mwa Waamba wa Bundibugyo wabebaji walikaribia asilimia 45. Naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, hali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Akaulinganisha uenezi huo na uenezi wa mbu, na mwaka 1954 akatoa ushahidi kwamba mbebaji hukingwa dhidi ya malaria kali. Basi herufi ile ile hufanya kazi mbili: nakala ikiwa moja huponya, zikiwa mbili huponza. Mababu zetu waliopona malaria walitupokeza uhai pamoja na deni lake.

Deni hilo tunalilipa hata sasa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliopima sampuli za damu 97,631 za watoto wadogo kutoka kila pembe ya Uganda, ulikuta kwamba asilimia 13.3 walikuwa wabebaji na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Na eneo letu la mashariki ya kati lilikuwa miongoni mwa yale yenye mzigo mkubwa zaidi. Kwa dunia nzima wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2021 walizaliwa watoto zaidi ya 500,000 wenye selimundu, na zaidi ya robo tatu yao walizaliwa Afrika kusini ya Sahara.

Sasa tukitazame chombo kipya. Bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, nao hushambuliwa na virusi. Na ili wajilinde, huweka ndani yao kumbukumbu ya virusi waliowahi kuwavamia. Kirusi akirudi, bakteria humtambua kwa kumbukumbu ile na kuyakata maandishi yake ya urithi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba ulinzi huo unaweza kufanywa chombo mkononi mwa binadamu: ukikipa mwongozo wa maandishi unayoyataka, huenda mpaka mahali hapo na kukata. Mbinu hiyo huitwa krispa, na wengi wameizoea kwa jina la mkasi wa jeni. Mwaka 2020 mabibi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu habari za magazetini hulirukia. Katika tiba ya kwanza ya krispa iliyoidhinishwa kwa selimundu, mkasi haukuelekezwa kwenye herufi iliyokosewa. Mtoto aliye tumboni mwa mama yake hutumia himoglobini ya namna nyingine, nayo ni nzima hata kwa mtoto atakayeugua. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alieleza kwamba watoto wachanga wenye selimundu hukaa miezi kadhaa bila kuugua kwa sababu himoglobini hiyo ya kitoto ingali mwilini mwao. Baadaye mwili huizima. Wataalamu wa karne hii waligundua kwamba iko jeni, ambayo alama yake ni BCL11A, inayoamuru izimwe. Basi mkasi huikata sehemu inayoipa jeni hiyo nguvu ndani ya seli zizaazo damu, na himoglobini ya kitoto huamka tena. Kwa mfano wa darasani, mwalimu hakuisahihisha sentensi iliyokosewa. Ameufungua ukurasa wa zamani ulioandikwa vizuri, uliokuwa umefungwa, akaamuru usomwe huo.

Nao unasomeka. Bibi Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa kwa njia hii mwaka 2019, akawa wa kwanza nchini Marekani miongoni mwa wagonjwa wa selimundu, naye amejitokeza hadharani kuyaeleza maisha yake mapya. Novemba 2023 Uingereza iliiidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, na Desemba mwaka huo huo Marekani ikafuata. Katika majaribio yaliyotazamwa na serikali ya Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha, na 29 kati yao waliishi miezi 12 mfululizo, au zaidi, bila kupatwa na shambulio kali la maumivu. Hao walikuwa watu waliozoea kulazwa hospitali mara kwa mara kila mwaka. Habari kama hizo si za kubezwa, wala hatukuziandika ili tuzibeze.

Lakini maneno husafiri upesi kuliko dawa. Mwaka 2024 alitujia shuleni bibi mmoja anayemlea mjukuu wake mwenye selimundu. Tulimwita Jaja, kama wazee wa kwetu waitwavyo kwa heshima. Baada ya maamkizi, ambayo kwetu hayafupishwi, alisema: "Mwalimu, nimesikia redioni kwamba Wazungu wamepata mkasi unaoikata sikoseli. Marehemu mwanangu aliacha shamba la kahawa. Wewe unasoma vitabu. Niambie, nikiliuza, je, litatosha nauli na mkasi?"

Tulimjibu: "Jaja, usiliuze shamba." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini, na ilikuwa haki yake kuuliza, kwa kuwa jibu fupi namna ile, likitoka kwa mwalimu kwenda kwa mlezi, laweza kufanana na kumfungia mtu mlango. Tulikaa naye chini ya mwembe muda mrefu tukimfafanulia, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na hayo tuliyomweleza ndiyo tunayoyaandika hapa kwa urefu zaidi.

Kwanza ni bei. Tiba hiyo ilipoidhinishwa Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kabla ya kuhesabu kitanda cha hospitali. Inakadiriwa kwamba Uganda peke yake huzaliwa kati ya watoto 15,000 na 20,000 wenye selimundu kila mwaka. Tukichukua idadi iliyo ndogo na kuizidisha kwa bei hiyo, tunapata dola bilioni 33, kiasi kinachoipita bajeti nzima ya serikali yetu kwa mwaka. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya, nasi tungependa aifanye, kwa sababu humwonyesha kwamba jambo hili halimalizwi kwa kuuza shamba moja wala kwa mchango wa kanisa au msikiti.

Pili ni njia yenyewe. Neno mkasi humfanya msikilizaji afikiri kwamba ni kazi ya dakika moja. Hebu tuifuate safari ya mgonjwa. Hupewa dawa ya kuzitoa seli shina, yaani zile zizaazo damu, kutoka katika uboho wa mifupa zije katika mzunguko wa damu; kisha damu yake hupitishwa katika mashine izichujayo seli hizo, na pengine kazi hii hurudiwa mara kadhaa mpaka zitoshe. Seli hupelekwa katika maabara maalumu, na huchukua miezi kabla ya kurudi. Zikiwa tayari, mgonjwa hulazwa na kupewa dawa kali, ya jamii ya zile zitumikazo kwa saratani, ili uboho wake wa zamani uteketezwe na seli mpya zipate makao. Hapo nywele humtoka, kinywa hufanya vidonda, na kinga ya mwili huanguka kabisa, hata hukaa hospitalini wiki nyingi akingojea seli mpya zishike. Dawa hiyo yaweza kumfanya asipate mtoto maisha yake yote. Safari kama hii huhitaji damu salama ya kuongezwa, umeme usiokatika, maabara, na wauguzi waliofunzwa kwa kazi hiyo.

Tatu ni umri. Tiba hii ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilikuwa kwa wenye miaka 12 na zaidi. Lakini katika Afrika wataalamu wamekadiria kwamba nusu au zaidi ya watoto wenye selimundu wasiopimwa wala kutibiwa hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mlango wa miaka 12 hauna faida kwa mtoto ambaye hakufika kwenye ngazi ya nyumba.

Nne ni urithi. Mkasi huziguza seli za damu tu. Mbegu za uzazi za aliyetibiwa hubaki kama zilivyokuwa, naye huweza kumrithisha mwanawe jeni ile ile. Kwa hiyo anayesema kwamba ugonjwa umeondolewa katika ukoo anakosea. Kuna aliyejaribu kuubadili urithi wenyewe: mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kwamba wamezaliwa pacha ambao jeni zao alizibadili wangali viini-tete, kwa madhumuni ya kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Wanasayansi wa nchi nyingi walimlaani, na mwaka 2019 mahakama ya China ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Watoto wale hawakuulizwa, na badiliko lao laweza kupita kwa wajukuu wao, nao pia hawakuulizwa.

Baada ya kuyasikia hayo Jaja aliuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema na watu wengi kuliko yeye: "Basi kwa mtoto wangu hakuna kitu?" Hapo ndipo tulipomweleza habari ambazo redio haikuzitangaza kwa shangwe, ingawa zinamhusu mjukuu wake zaidi.

Kitu kipo. Mwaka 1986 majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku, akipewa mtoto mdogo mwenye selimundu, hupunguza maambukizo makali kwa asilimia 84. Sharti lake ni moja, ajulikane mapema. Na kumjua huhitaji tone la damu la kisigino likaushwe katika karatasi na kupimwa. Pamoja na penisilini kuna dawa nyingine, haidroksiyurea, kidonge kilichoidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wazima wa selimundu tangu mwaka 1998. Nayo hufanya nini? Huiamsha himoglobini ya kitoto, ile ile inayoamshwa na mkasi. Haiamshi kwa nguvu sawa, na humezwa kila siku kwa uangalizi wa daktari, lakini mlango unaogongwa ni mmoja. Kwa muda mrefu madaktari waliogopa kuitumia kwetu, wasije wakawadhuru watoto katika nchi zenye malaria. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na hapa kwetu Mbale, ambamo watoto 606 walipewa dawa hiyo. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria yenyewe ilipungua kwa kiasi kama hicho. Haja ya kuongezewa damu ilishuka. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Jaja alikwenda kliniki na mjukuu wake wiki iliyofuata, na shamba la kahawa liko mahali pake. Hatusemi kwamba mtoto amepona. Ametibiwa, na bado kuna siku za maumivu. Wala hatusemi kwamba dawa hupatikana kila anapoihitaji, kwa kuwa iko miezi ambayo mlezi huambiwa arudi baadaye, na nauli ya kwenda na kurudi hulipwa na yule yule. Hapo ndipo tunapouona ubaya wa mambo: kidonge kilichokwisha thibitishwa, tena katika mji wetu wenyewe, kinatushinda kukifikisha kwa watoto wote, na huku tunashangilia mkasi ulioko ng'ambo. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni kipimo cha mtoto mchanga, penisilini, chandarua, haidroksiyurea na damu salama. Msala ni mzuri, lakini bado unapita mbali.

Tusieleweke vibaya. Hatumo katika kundi la wale wanaosema kwamba sayansi ya jeni si ya Mwafrika. Hakuna chombo kilichoanza kikiwa rahisi. Mwaka 2019 serikali ya Marekani, kupitia taasisi zake za afya, na mfuko wa Gates walitangaza kwamba watatoa jumla ya dola milioni 200 au zaidi kutafuta tiba za jeni za selimundu na UKIMWI zitakazoweza kutumika hata Afrika. Tumaini kubwa la wataalamu ni tiba ya sindano moja, itakayozikuta seli ndani ya mwili bila kuzitoa nje na bila kuuteketeza uboho. Si ndoto tupu: mwaka 2025 ilitangazwa kwamba mtoto mchanga mjini Philadelphia, aliyezaliwa na ugonjwa wa nadra wa ini, alichomwa dawa ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, na hali yake ikawa nafuu. Lakini ini hufikiwa kwa urahisi kuliko uboho wa mifupa, na umbali kati ya mtoto mmoja wa Philadelphia na maelfu ya watoto wa Busoga haupimwi kwa maili peke yake. Tunachodai ni kwamba ahadi isemwe pamoja na masharti yake.

Na hapa kazi inarudi kwetu walimu. Tazameni maneno tuliyoyatumia. Twasema kuhariri jeni, nasi tumeona kwamba tiba ya kwanza haikuihariri herufi iliyokosewa. Twasema mkasi, na msikilizaji hauoni uboho unaoteketezwa. Zaidi ya yote twasema kuponya. Kiswahili kina bahati ya kutofautisha mambo ambayo mtu mwenye haraka huyachanganya. Kutibu si kuponya, kwa maana mgonjwa hutibiwa asipone. Kutuliza si kutibu. Kukinga hutangulia yote mawili. Nafuu si afya, lakini ni afadhali kuliko maumivu, na mwenye kupata nafuu hajadanganywa ikiwa aliahidiwa nafuu. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti hizi ataisikiliza redio kwa sikio jingine. Atauliza: aliyepona ni nani? Ni wangapi, na kwa muda gani? Amelipa nani? Ambao hawakuwamo ni akina nani?

Kuna maneno mengine ya kusawazishwa, nayo ni ya hatari zaidi kwa sababu yamo vinywani mwetu wenyewe. Mpaka leo mama wa mtoto mwenye selimundu huambiwa kwamba damu mbaya imetoka kwao, na ndoa huvunjika kwa neno hilo. Ukweli ni kwamba ugonjwa hauji ila kila mzazi ametoa nakala moja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba pana uwezekano wa moja katika nne wa kupata mtoto mgonjwa. Na hesabu huanza upya kila mimba, wala wa kwanza kuugua hakumkingi wa pili. Aya fupi ya ufahamu juu ya jambo hili, ikisomwa katika darasa la vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa, yaweza kufanya kazi ambayo mkasi hauifanyi. Vivyo hivyo mwalimu akijua kwamba mtoto huyu lazima anywe maji mengi, aruhusiwe kutoka nje kila anapoomba, asikimbizwe juani wala asinyeshewe mvua, na asiitwe mvivu akichoka, amekwisha kumsaidia bila dola hata moja.

Kwa kuwa jarida letu husomwa katika nchi kadhaa, tunawaomba walimu wenzetu jambo moja. Tuleteeni majina ya ugonjwa huu katika lugha za kwenu, pamoja na maneno wanayoyatumia wazee kwa mtoto augua mara kwa mara, kwa maumivu ya viungo, na kwa macho ya manjano. Wazee walikuwa na maneno kwa mambo haya kabla Chicago haijapata hadubini yake. Tukiyakusanya na kuyaweka sambamba na maneno ya Kiswahili cha leo, selimundu, mbebaji, jeni, himoglobini, uboho, tutakuwa na orodha ndogo ambayo muuguzi aweza kuibandika ukutani na mlezi aweza kuielewa. Orodha hiyo haitamponya mtoto yeyote, lakini tukiiandika kwa uangalifu haitamponza mtu.